Mizani ya Lango la Pili

Saa saba za usiku, mizani inaniita,
na kitabu kiko huku, chanitazama, chasita,
nimesoma kila siku, herufi zikanisuta,
leo sina shauku

Hapo ndipo mstari uliponikatikia.
Mizani saba. Ya nane haikuja.
Atakaye kina cha mwisho akitafute mwenyewe,
mimi nimechoka kuhesabu.

Jina langu Mejumaa, karani wa mizani,
kiwanda cha chokaa, Maweni.
Lori laingia tupu, napima.
Latoka limejaa, napima.
Tofauti yake ndiyo inilipiayo chumba Makorora
na ada ya uhasibu, kidogo kidogo,
kama mtu anayelipia sufuria ya mkopo.
Waja leo waondoka leo, husema watu wa Tanga kwa maringo.
Mimi naja leo, naondoka kesho,
nyusi nyeupe kwa vumbi, kama bibi yangu.

Darasa ni saa kumi jioni, Barabara ya Kumi na Tatu,
ghorofani, juu ya duka la rangi.
Mwalimu Semhando huchora mizania ubaoni:
mali huku, madeni kule, lazima vilingane.
Mimi natikisa kichwa.
Wenzangu hudhani nimeelewa.
Nasinzia.

Juzi, katika jibu la swali la tatu, nimeandika:
kokoto, tani ishirini na nane.
Na usiku uleule dereva Sechonge akarudi na risiti,
anacheka hadi kofia imemvuka:
"Dada, trafiki watanilaza ndani!
Umeandika nimebeba mtaji wa mwenye duka."
Nikacheka naye.
Kisha nikaenda nyuma ya kibanda, nikalia,
sijui nalilia lipi,
kama bomba ambalo mtu kasahau kulifunga.

Wiki mbili sikupanda ngazi zile.
Nilikuwa nafika chini, nanusa rangi, nageuza baiskeli.
Nanunua mihogo ya kukaanga, nala nimesimama,
pilipili siisikii.
Mama akipiga simu namwambia masomo yanakwenda.
Yanakwenda kweli,
ila hayakwendi na mimi.
Uvivu, nikajiita. Ndilo jina lililokuwa karibu.

Leo mvua imepita, foleni hakuna.
Nikasukuma baiskeli hadi katikati ya bamba la chuma,
nikasimama nayo, nikachungulia kioo:
kilo mia na ishirini.
Mimi huyu? Ambaye sare ya kiwanda
naifunga kwa pini mbili kiunoni?

Kibwana wa zamu akatoka na ufagio, simu sikioni.
"Tope hilo. Limebebwa tangu asubuhi.
Fagia kwanza, irudi sifuri, ndipo upime."
Akaendelea kugombana na mchumba wake.

Nikafagia. Tope jeupe, zito kama uji wa msiba.
Sifuri.
Nikapanda tena: themanini, mtu na baiskeli.
Uchovu haukutokea kiooni.
Mizani ya malori huruka vitu vidogo.

Usidhani nilipata nguvu mpya.
Nilikaa juu ya ndoo, nikamwandikia Semhando:
Samahani, mwalimu, nimechoka, sijaacha.
Nikaifuta samahani, nikatuma kilichobaki.
Nikamwomba Kibwana alinde lango dakika ishirini,
nikalalia kitabu, shavu juu ya madeni,
na kwa mara ya kwanza mwezi huu
nililala bila kujishtaki.

Alfajiri nikafungua ukurasa wa tisini na moja.
Nikasoma mistari miwili, nikaielewa.
Wa tatu ukanikataa.
Sikushindana nao.
Nikaweka njiti ya kiberiti hapo hapo.

Honi langoni. Lori la kwanza, magurudumu yote matope.
Nikauchukua ufagio.